Njia ya Tonge: Mate, Umio na Dawa Tunazomeza

Katika nyumba nyingi za Kilwa Masoko, mwiba wa samaki ukimkwama mtu kooni, amri ya wakubwa huwa moja: ameze tonge kubwa la ugali bila kulitafuna. Wengine humnywesha maji ya ndimu kwa imani kwamba ukali wake utauyeyusha mwiba. Mji huu unaishi kwa bahari, kwa hiyo haishangazi kwamba tiba hizi zinajulikana hata na watoto. Hata hivyo, tunaona ni wajibu wetu kueleza kwa nini hazifai, na maelezo hayo hayawezi kueleweka pasipo kuijua njia ambayo tonge hupitia. Njia hiyohiyo ndiyo inayopitisha vidonge tunavyonunua dukani.

Safari huanzia kwenye mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na sehemu kubwa hutoka katika jozi tatu za tezi: ya kwanza mbele ya masikio, ya pili chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi. Zipo pia mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa ndani ya midomo na mashavu. Kazi ya mate si kulainisha chakula tu. Huanza kumeng'enya wanga wa muhogo na ugali, huyalinda meno, na yakimezwa huipunguza makali asidi iliyopanda kutoka tumboni. Mtu akilala, utokaji wa mate hupungua sana, na kumeza nako huwa nadra. Jambo hili tutalirejea.

Tezi hizi nazo huugua. Matubwitubwi, ambayo huvimbisha mashavu ya watoto, ni maradhi ya tezi zilizo mbele ya masikio. Uvimbe wenye maumivu chini ya taya, unaotokea wakati wa kula na kunywea baadaye, mara nyingi ni dalili ya kijiwe kilichoziba mfereji wa mate. Uvimbe usiouma, usiopungua na unaoendelea kukua haufai kusubiriwa. Upelekwe kwa daktari.

Baada ya koo hufuata umio, mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25, unaoteremka nyuma ya bomba la hewa hadi tumboni. Chakula hakianguki humo kama jiwe kisimani. Husukumwa na mawimbi ya misuli, na tonge huchukua sekunde kadhaa kufika mwisho. Umio una sehemu tatu zilizo finyu zaidi: mwanzoni kabisa, katikati ya kifua unapopita kando ya mshipa mkuu wa damu, na chini unapopenya kiwambo. Kinachokwama, aghalabu hukwama katika mojawapo ya sehemu hizo.

Sasa turudi kwenye mwiba. Tonge la ugali lisilotafunwa huweza kweli kuuondoa mwiba mdogo, na ndiyo sababu tiba hii imeishi miaka mingi. Lakini mwiba mkubwa uliochoma nyama hausombwi na tonge, bali huzamishwa zaidi. Ukitoboa ukuta wa umio, uchafu huingia kifuani na kuleta maambukizi yanayoweza kuua. Ndimu haiwezi kuyeyusha mwiba kwa muda ambao mtu anakaa nao kooni. Ushauri wetu ni kuacha kula, kutouchokonoa kwa kidole wala kijiti, na kwenda kituo cha afya, ambako koo litaangaliwa kwa mwanga. Anayeshindwa kumeza hata mate yake, anayetema damu, au mwenye maumivu ya kifua, homa au shingo iliyovimba, asingoje kukuche. Ni kweli pia kwamba mwiba uliokwisha kutoka huacha mkwaruzo, na mtu akadhani ungalipo. Lakini kulitambua hilo ni kazi ya mganga, si ya kubahatisha nyumbani.

Kuhusu vidonge, watu wengi hawajui kwamba kidonge kinaweza kuunguza umio. Kikimezwa kikavu au kwa funda moja la maji, huganda kwenye ukuta wake na kuyeyukia hapohapo. Dawa zinazojulikana zaidi kwa madhara haya ni doksisaiklini, aspirini, ibuprofeni na vidonge vya madini chuma, ambavyo wajawazito wengi hupewa kliniki. Saa chache baadaye, au asubuhi, mtu huhisi maumivu makali nyuma ya kidari kila anapomeza, akadhani ni moyo au vidonda vya tumbo. Kwa kawaida kidonda hupona dawa iliyokisababisha ikisimamishwa au kubadilishwa kwa ushauri wa mtaalamu.

Kinga yake haina gharama. Meza kidonge ukiwa umekaa wima au umesimama, kwa bilauri nzima ya maji, kisha usilale kwa muda wa nusu saa angalau. Kumeza dawa kitandani kwa mate matupu, taa ikiwa imeshazimwa, ndiyo namna mbaya kuliko zote, kwani mate ni machache na kidonge hakina kinachokisukuma. Katika mwezi wa Ramadhani hatari hii huongezeka wakati wa daku: mtu hula, hunywa, humeza kidonge chake mwisho kabisa, kisha hurudi kulala. Ikiwa dawa inaruhusiwa kuambatana na chakula, imezwe katikati ya mlo, maji yafuate.

Mnunuzi ana haki ya kuuliza, na muuzaji wa duka la dawa muhimu ana wajibu wa kumjibu: dawa hii inamezwa kabla au baada ya kula, na inapatana na nyingine ninazotumia? Swali hili lina uzito kwa wanaonunua dawa za kiungulia. Zile za kutafuna au za maji, zenye magnesiamu, aluminiamu au kalsiamu, huzuia doksisaiklini na madini chuma yasifyonzwe vizuri zikitumiwa pamoja. Ziachanishwe kwa saa kadhaa. Tena, dawa hizo hutuliza asidi lakini hazielezi kwa nini inapanda. Anayezinunua wiki baada ya wiki anahitaji kupimwa, si pakiti nyingine.

Hatusemi hivyo ili kuwatisha watu. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume nchini kwetu, na wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wakiwa wamechelewa. Huanza kimyakimya: kwanza nyama na ugali hupita kwa shida, mgonjwa akahamia wali laini, kisha uji, huku mwili ukikonda. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi yumkini husababisha saratani hiyo. Chai iachwe ipoe kidogo. Anayepata shida ya kumeza kwa zaidi ya wiki mbili aende hospitali ya wilaya, Kinyonga, na aombe kuelezwa kama anahitaji rufaa ya kipimo cha endoskopia, ambapo mpira mwembamba wenye kamera huingizwa ndani ya umio. Safari hiyo ina gharama, tunajua, lakini kuchelewa kuna gharama kubwa zaidi.

Limebaki la kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni. Wengine huyayeyusha na kuyahifadhi katika chupa za maji ya kunywa, na mtoto hunywa akidhani ni maji. Funda moja tu laweza kuunguza umio hata ukazibwa na makovu. Yabaki katika chombo chake chenye lebo, mahali pa juu palipofungwa. Ajali ikitokea, msimtapishe mtoto, maana kinachorudi huunguza mara ya pili, wala msimpe ndimu au siki. Msukutueni mdomo kwa maji safi na kumpeleka hospitali mara moja, mkiichukua na chupa yenyewe ili mganga aione.