Chanjo ya HPV iliyowapita kando

Mwaka 2007 Australia ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya papiloma, vijulikanavyo kama HPV. Kufikia 2011, katika kliniki za magonjwa ya zinaa, wasichana wa chini ya miaka 21 waliokutwa na masundosundo walishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 0.85. Vijana wa kiume wanaojamiiana na wanawake nao walikingika bila sindano, maana wapenzi wao hawakuwa tena na cha kuwaambukiza. Kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, hali haikubadilika kwa kiasi cha maana.

HPV ina aina zaidi ya 200. Hutofautishwa kwa jeni iitwayo L1, inayounda ganda la kirusi: ikiachana na ya aina nyingine zote kwa asilimia 10 au zaidi, hiyo ni aina mpya. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo, ambayo husumbua lakini si saratani. Ya kuogopwa zaidi ni ya 16. Protini zake, E6 na E7, hulemaza mifumo inayoizuia seli kugawanyika ovyo. Mjerumani Harald zur Hausen aliigundua katika saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, akatunukiwa Nobel mwaka 2008. Aina hiyohiyo ndiyo inayoongoza katika saratani ya njia ya haja kubwa.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2012 katika jarida la Lancet Oncology ulionyesha ukubwa wa jambo hili. Miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume wasio na VVU, karibu asilimia 64 walikuwa na HPV ya aina yoyote katika njia ya haja kubwa, na asilimia 12.5 walikuwa na aina ya 16. Kwa wanaoishi na VVU, ambao kinga yao hushindwa kuifukuza HPV, ilikuwa asilimia 93 na 35. Wengi hawatapata saratani kamwe. Hata hivyo, kila mwaka iliwapata wanaume hao wapatao 46 kwa kila 100,000 wenye VVU, dhidi ya 5 kwa wasio nao.

Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa HPV huambukiza hata ngozi kwa ngozi. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza kujamiiana, na hapo ndipo naona uzito wa kuwachanja wavulana wote shuleni, kama Australia ilivyofanya kuanzia 2013: mtoto wa miaka 12 haulizwi atampenda nani. Uingereza iliongeza njia nyingine mwaka 2018, wanaume wanaojamiiana na wanaume wakachanjwa kliniki hadi umri wa miaka 45. Mwaka huohuo Tanzania ilianza na wasichana, Kenya ikafuata 2019.

Waliokwisha kuambukizwa hawakuachwa mikono mitupu. Utafiti wa ANCHOR wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia watu zaidi ya 4,400 wenye VVU na vidonda vinavyotangulia saratani ya njia ya haja kubwa. Kutibu vidonda hivyo mapema kulipunguza saratani kwa asilimia 57.