Tela Jipya Likipakiwa Mzigo, Hasara ni ya Nani?

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wafanyabiashara wa Tarime na Mugumu wanaliona kila mara, ila wachache huulizia undani wake. Ni habari ya matela mapya yanayopelekwa kwa wenyewe huku yamebeba mzigo wa watu wengine.

Mambo huwa hivi. Tajiri wa Tarime ananunua tela Dar es Salaam, ambako viwanda kama Superdoll huyaunda. Anakodi kichwa cha kulivuta. Safari ni zaidi ya kilometa 1,300, kupitia Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza. Dereva anaona kwamba kuvuta tela tupu umbali wote huo ni kuchoma dizeli bure. Dalali naye hakosi: anajua nani Mugumu anangoja saruji, nani Tarime anataka mabati na nondo. Nauli inayotajwa ni nafuu. Nani atakataa?

Mimi binafsi sioni ubaya wa kupakia. Tela limeundwa libebe mzigo, na nauli ikipungua hata mnunuzi wa mfuko mmoja wa saruji kule Serengeti anaweza kupata unafuu. Ubaya unaanza pale mwenye tela asipojua.

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Mugumu aliyelipa nauli mkononi kwa dereva. Lori linapinduka, saruji inamwagika mtaroni. Anamdai nani? Mwenye tela atasema hakupokea hata senti, na wala hakumtuma mtu kubeba mzigo. Mwenye kichwa atasema alikodishwa kuvuta tela tupu. Bima ya lazima ya gari ipo kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa barabarani; haifidii saruji iliyopakiwa. Mzigo una bima yake, na kampuni ya bima itataka kwanza kuona hati ya mzigo. Isitoshe, kubeba mizigo kwa malipo kunahitaji leseni, ambayo tangu mwaka 2019 inasimamiwa na LATRA. Tela lililotoka kiwandani juzi laweza kuwa bado halijakatiwa.

Na mwenye tela je? Yeye ndiye anayeumia kimyakimya. Nati za magurudumu ya tela jipya zinatakiwa kukazwa upya baada ya mwendo mfupi wa kwanza, na breki kukaguliwa zikishaanza kubeba uzito. Dereva anayekimbizana na dalali atasimama saa ngapi kufanya hayo? Halafu kuna mizani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ekseli tatu za nyuma zenye matairi mawilimawili kila upande hazitakiwi kuzidi tani 24. Likizidi, gari linazuiwa mpaka faini ilipwe na mzigo urekebishwe. Tajiri yuko Tarime anasubiri mali yake, hajui kwamba imelala mizani siku ya tatu.

Dawa yake si ngumu: karatasi moja yenye sahihi ya mwenye tela, inayotaja mzigo, uzito, nauli na nani anabeba hasara. Mwenye mzigo aidai kabla ya kutoa fedha. Dereva akianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Lakini yapo matela ambayo hata karatasi hiyo haiyasaidii. Ni yale yaliyoshushwa bandarini yakipita tu nchini mwetu kwenda kwa wenyewe nchi jirani, sawa na yale magari tunayoyaita ya IT. Hayo yako chini ya dhamana ya forodha hadi yavuke mpaka, na hayaruhusiwi kufanyiwa biashara njiani. Ukimpa dereva wa tela la namna hiyo magunia yako ya mahindi akushushie Sirari, maofisa wakalizuia, magunia nayo yanazuiwa humo humo, na wewe ndiye utakayekwenda kueleza yalifikaje.