Habari za Neno "Mpaka"

Sisi wazaliwa wa Tunduma twalisikia neno "mpaka" kila siku kuliko watu wengi. Katika toleo hili nataka kueleza habari zake, kwa kuwa neno hili dogo lina kazi nyingi, na baadhi ya kazi hizo zatuponza sisi wa Kidato cha Nne katika Kiingereza.

Maana ya kwanza yajulikana na kila mtu, yaani mwisho wa nchi au wa shamba. Mkoa wetu wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unapakana na Zambia na Malawi. Upande wa Zambia, mji wa Nakonde umegusana na Tunduma hata mgeni hatambui amevuka wapi. Wanyamwanga wako huku na huko, na shilingi na kwacha zajuana sokoni kama ndugu. Upande wa Malawi mpaka ni Mto Songwe, nao una tabia ya kuhama njia yake wakati wa mafuriko, hata shamba lililolala huku laweza kuamka ng'ambo. Ndiyo maana serikali mbili hizi zimekuwa na mpango wa kuutuliza mto huo. Angalieni pia kitenzi "kupakana": nchi zikipakana ni majirani, lakini watu wakipakana mafuta ni jambo jingine kabisa.

Maana ya pili ni ya wakati. Kwetu maana hizi mbili hukutana, kwa sababu saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mtu akikwambia, "Nitakungoja Nakonde mpaka saa nne," huna budi kumwuliza, saa nne ya upande gani wa mpaka? Ukikosea, utakuta amekwisha ondoka zamani.

Tena liko tatizo la ule mwisho wenyewe, kama umo ndani au uko nje. Tangazo likisema, "Likizo ni mpaka tarehe 6," je, tarehe 6 ni siku ya likizo au ni siku ya kurudi? Muhula uliopita bweni letu liligawanyika kwa jambo hili. Wengine waliingia tarehe 6, wengine tarehe 7, na hao wa tarehe 7 walifyeka majani siku mbili. Kwa maoni yangu walionewa, maana mwenye kukopeshwa "mpaka Ijumaa" hadaiwi Alhamisi. Ijumaa nayo ni yake. Mwenye kutangaza aseme tu, "Mtarudi tarehe 6," na mabishano yatakwisha.

Matumizi mengine nayapitia upesi. "Amekula mpaka ukoko" maana yake hata ukoko hakuusaza. "Amechoka mpaka basi" ni kuchoka mno. Na mtu akiambiwa, "Umevuka mipaka," si kwamba amekwenda Zambia, bali amekosa adabu.

Sasa Kiingereza. Wengi tumekariri kwamba "mpaka" ni "until", basi twaandika "I walked until Nakonde". Mwingereza hasemi hivyo, kwani "until" ni ya wakati; kwa mahali husema "as far as". Lakini hilo ni kosa dogo. Kubwa ni hili. Zamani wanaume wengi wa pande hizi za kusini-magharibi walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na wako waliolowea huko. Nyumbani husemwa, "Babu hajarudi mpaka leo," yaani bado anangojwa. Mwanafunzi akiandika "Grandfather did not return until today", Mwingereza ataelewa kwamba babu amefika leo! Atauliza habari za safari, na kama kuku amekwisha chinjwa. Ilitakiwa aandike "has not returned to this day". Neno ni lile lile moja kwetu, lakini kwao lamtoa mzee katika machimbo na kumketisha barazani.

Yafungueni tena madaftari yenu ya tafsiri, mhesabu ni wazee wangapi mmekwisha warudisha nyumbani kwa kalamu.