Vitunguu visivyokaa, tuvipeleke kwenye karamu



Kila mavuno ya vitunguu huleta malalamiko yale yale. Tunavuna wote pamoja, bei inaanguka, na depo inabaki na magunia ambayo hakuna mtu anayataka. Msimu uliopita tulikuwa na shida nyingine juu ya hiyo: mkutano mkuu umekaribia, na feza ya mbuzi hakuna. Mzee mmoja wa komite alisema wazi: "Bila nyama, watu watasema kooperative imekufa."

Wamama hawakubishana naye. Waliingia depo, tukaanza kuchambua pamoja. Kitunguu chenye shingo nyembamba iliyokauka, tulikirudisha kwenye kichanja. Hicho kinaweza kungoja bei. Chenye shingo nene, chenye jeraha la jembe au kilichoanza kuota, tulikiweka kando: hakikai, kipikwe sasa. Kilichooza tulitupa. Kisha tukanunua, kwa bei ya chini, fromaji za Masisi zilizopasuka kidogo. Wachuuzi wanazikataa, lakini ndani ni nzima.

Tulivyopika

Kwa watu kama 10 wa kuchovya: vitunguu kilo 1, fromaji gramu 500, maziwa yaliyochemshwa glasi 1, unga wa ngano kijiko 1, mafuta vijiko 3, chumvi na pilipili.

1. Kata vitunguu vyembamba. Vikaange kwa moto mdogo dakika 30 hadi 40, mpaka viwe vyekundu na vitamu. Usiharakishe: moto mkali unavichoma, vinakuwa vichungu. Vitapungua sana, usishangae.

2. Nyunyiza unga, koroga, mimina maziwa kidogo-kidogo. Unga ndio unaozuia mafuta ya fromaji kujitenga.

3. Epua. Tia fromaji iliyokwaruzwa, bakiza kidogo ya juu. Onja kwanza, ndipo utie chumvi, maana fromaji tayari ina chumvi.

4. Hatuna foko. Tuliweka mawe madogo ndani ya sufuria kubwa juu ya mbabula, bakuli ya chuma juu ya mawe, tukafunika na kuweka makala ya moto juu ya kifuniko. Dakika 20, juu ikawa ya rangi ya dhahabu.

Tuliileta ikiwa moto, pamoja na mikate, viazi vya kuchemsha na ndizi za kuchoma. Ikipoa inakuwa ngumu, kwa hiyo pika bakuli ndogo-ndogo, moja baada ya nyingine. Isikae mezani zaidi ya saa mbili, watu wasije wakaumwa tumbo.

Na yule mzee? Alichovya kiazi mara ya kwanza kwa heshima tu. Mara ya tatu aliuliza kama bakuli nyingine iko njiani. Hakuna aliyesema kooperative imekufa.

Sasa familia mbili zimetuomba tuwapikie ndoa. Kabla ya kutaja bei, tumekubaliana kuhesabu kila kitu: makala, maziwa, kazi ya wamama, na hata vitunguu vyetu wenyewe. Kitu cha shamba si cha bure.

Msimu ujao, chambueni kabla ya kujaza depo. Chenye kukaa kingoje bei. Kisichokaa kiende kwenye sufuria.