Anwani Hubadilika, Mwandiko Hubaki: Proksi na Usimamizi wa Akaunti Nyingi Mtandaoni

Utangulizi

Kabla ya simu za rununu kuenea, familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hazikuwa na sanduku la posta la kwao. Barua zao zilipitia sanduku la shule, la msikiti, la kanisa au la mwajiri wa jirani. Aliyepokea barua hizo huko mbali aliona S.L.P. moja tu, asijue kwamba nyuma ya nambari hiyo walikuwamo watu chungu nzima. Hata hivyo, alipoifungua bahasha, mwandiko ulimtaja mwandishi kabla ya sahihi kufikiwa.

Makala haya yanajadili jambo la siku hizi linalofanana na hilo, yaani matumizi ya proksi katika kusimamia akaunti nyingi za mtandaoni. Hoja yetu ni kwamba proksi huweza kuficha anwani ya msemaji, lakini haifichi lugha yake, wala haimwondolei dhamana ya alichokisema. Suala hili latuhusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi yetu tunajipatia riziki kwa kuandika mtandaoni. Pili, masuala ya nafsi, sauti na mtindo ndiyo kazi yetu ya kila siku darasani.

Proksi ni nini?

Kila mtumiaji wa intaneti huonekana na tovuti kwa anwani ya nambari iitwayo anwani ya IP. Proksi, ambayo pia huitwa seva wakala, ni tarakilishi inayosimama kati ya mtumiaji na tovuti. Ombi la mtumiaji hufika kwanza kwa proksi. Proksi nayo hulipeleka kwenye tovuti kwa anwani yake yenyewe, kisha jibu hurudi kwa njia iyo hiyo. Mkazi wa Changamwe hahitaji mfano wa mbali. Wakala wa forodha katika bandari ya Kilindini hushughulikia mizigo ya wafanyabiashara wengi, na afisa huonana na wakala, si na mwenye mzigo.

Proksi ni za aina kadhaa. Zipo za vituo vya data, ambazo ni nafuu na zenye kasi, ila hutambulika upesi kwa sababu anwani zake zimesajiliwa kwa kampuni za kupangisha seva. Zipo za makazi, zinazopitia intaneti ya nyumba za watu, na zipo zinazopitia mitandao ya simu. Aidha, proksi si sawa na VPN. Kwa kawaida proksi hushughulikia programu moja, kama vile kivinjari, ilhali VPN hubeba mawasiliano ya kifaa kizima na kuyasimba ili yasisomwe njiani.

Kwa nini mtu huihitaji?

Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu, nazo hazitoshi vifaa vilivyopo duniani. Kwa sababu hiyo, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Saiba ya Likoni yenye tarakilishi 10 huonekana vivyo hivyo: wateja 10, anwani moja. Tovuti inaweza kushuku kwamba hao wote ni mtu mmoja aliyevaa barakoa 10.

Anayesimamia akaunti za wateja wengi hukumbwa na shaka hiyo hiyo. Njia anayoitumia ni kuipa kila akaunti proksi yake isiyobadilika, pamoja na wasifu wake wa kivinjari ili vidakuzi vya akaunti moja visichanganyike na vya nyingine. Matumizi haya yana uhalali wake. Kampuni ya matangazo yaweza kutaka kuona tangazo linavyotokea katika nchi nyingine. Mtafiti yaweza kumbidi kulinganisha matokeo ya utafutaji ya Mombasa na ya London. Mwanahabari naye huenda akahitaji kuupita udhibiti wa serikali.

Kwa upande mwingine, akaunti nyingi huweza kutumiwa kuunda umati usiokuwapo. Mwaka 2021, Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha kupitia wakfu wa Mozilla utafiti kuhusu kampeni za upotoshaji kwenye Twitter nchini Kenya. Walichunguza kampeni 11 zilizohusisha akaunti zipatazo 3,700, na wakaeleza jinsi washiriki walivyolipwa ili kuzivumisha. Msomaji wa kawaida alidhani anausikia umma ukinena, kumbe ni sauti chache zilizokodiwa.

Kisa cha Kisauni

Jirani yangu mmoja wa Mishomoroni, huko Kisauni, alikuwa akisimamia kurasa za biashara tatu: fundi cherehani wa Likoni, mama mpishi wa Kisauni na muuza vipuri wa Changamwe. Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Alipiga picha, akaandika maelezo na kuwajibu wateja. Tatizo lilianza alipofungua akaunti nyingine tano, akazinunulia proksi, na kuzitumia kuzisifu biashara zile tatu. Mmoja wa "wateja" hao alidaiwa kuwa mkazi wa Kakamega, mwingine wa Eldoret.

Siku moja mteja wa kweli aliuliza hadharani ni vipi watu watatu wa miji mitatu waandike kwamba ubora wa kazi ile wameuona "kwa mato yangu". Msomaji wa makala haya anajua kwamba mato ni macho kwa Kimvita. Wiki mbili baadaye akaunti zote nane zilifungwa pamoja, wala kampuni ya mtandao haikueleza sababu. Fundi alipoteza picha za kazi yake ya miaka minne, tena ilikuwa imesalia mwezi mmoja kufika Idi, msimu anaoutegemea kuliko yote.

"Mwalimu, anwani nimebadilisha zote. Wamenijuaje?" aliniuliza.

"Kampuni sijui," nikamjibu, "ila yule mteja, ndugu yangu, alikujua kwa mato."

Mipaka ya proksi

Je, kampuni ingeweza kumjua kwa njia zipi? Zipo nyingi. Kivinjari huieleza tovuti saa ya kifaa, lugha iliyochaguliwa, ukubwa wa skrini na fonti zilizomo. Mambo hayo yakijumlishwa huwa kama alama ya kidole. Anwani ikisema Chicago ilhali saa ya kifaa ni ya Mombasa, iliyotangulia kwa saa 8 au 9, shaka huzuka. Nambari ya simu ya kuthibitishia akaunti, au njia ya malipo inayotumika zaidi ya mara moja, huziunganisha akaunti zilizotenganishwa kwa gharama kubwa.

Proksi na VPN za bure nazo zina hatari yake. Mnamo Mei 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa 911 S5. Waendeshaji wake walikuwa wamesambaza programu za VPN za bure, ambazo ziligeuza tarakilishi za watumiaji kuwa proksi bila wao kujua. Zaidi ya anwani milioni 19 za IP zilihusishwa, na wahalifu walilipia kuzitumia. Mtu aliyedhani amejificha nyuma ya wengine ndiye aliyekuwa ameficha wengine nyuma yake.

Sheria pia ipo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinaharamisha kutumia kwa hila nywila au kitambulisho cha mtu mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Proksi yenyewe haikuharamishwa hapo. Kinacholengwa ni hila.

Lugha kama mwandiko

Hata kama mitego yote ya kiufundi ingekwepwa, lugha ingebaki. Mwaka 2013 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilishuku kwamba Robert Galbraith, mwandishi wa riwaya ya The Cuckoo's Calling, hakuwa mwandishi mgeni. Wataalamu Patrick Juola na Peter Millican waliilinganisha lugha ya riwaya hiyo na ya waandishi kadhaa, wakizingatia mambo kama urefu wa maneno na marudio ya maneno madogo madogo. Matokeo yao yalimwelekea J. K. Rowling, naye akakiri. Mambo madogo ambayo mwandishi hayafikirii ndiyo yaliyomsaliti.

Kwa Kiswahili, dalili ni tele. Lahaja hujitokeza katika t na ch, katika viunganishi, katika namna ya kusalimu na hata katika makosa ya upatanisho wa kisarufi. Uwanja huu wa kutambua mwandishi kwa mtindo wafaa kupewa nafasi zaidi katika tasnifu zetu za isimu na fasihi.

Lakabu na jina la kukodi

Huenda mtu akauliza: je, washairi wetu hawakutumia lakabu? Walitumia. Lakini lakabu ya malenga hujenga jina linalojulikana na linalowajibika. Hadhira humjua na kumdai ubora. Vilevile, zipo nyakati ambapo kujificha ni ngao ya mnyonge. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika Kenya: Twendapi?, waraka uliosambazwa kwa siri. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na tungo zake za gerezani zikachapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Maneno yalikuwa yake, naye aliyabeba.

Jina la kukodi ni jambo jingine. Baadhi ya vijana wasomi nchini wamekodi akaunti zenye majina ya kigeni, wakaweka proksi ya Marekani au Uingereza, na kuwaandikia wanafunzi wa huko insha. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha biashara hiyo katika eneo la England. Tukiweka sheria kando, hasara kubwa ni ya mwandishi mwenyewe: miaka yake ya kuandika haimpatii jina hata moja analoweza kulitaja anapoomba kazi. Akaunti ikifungwa, mwenye jina hubaki na jina, mwenye kazi hubaki mikono mitupu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba proksi ni chombo tu, na uhalali wake hutegemea anayekitumia na anachokisema. Anayesimamia kurasa za watu, ukiwemo ukurasa wa chama cha wanafunzi, aombe idhini ya usimamizi ambayo mitandao mingi huitoa, badala ya kugawana nywila. Picha na maandishi ahifadhi nakala mahali pengine. Sifa za wateja aziache ziandikwe na wateja.

Jirani yangu amefungua ukurasa mmoja mpya wa fundi, kwa idhini ya fundi mwenyewe na bila proksi. Wateja wanaosifu kazi yake wamefika wanne. Fundi anawajua wote kwa majina.