Farasi Chotara na Bei ya Karatasi

Rongui hakuna farasi. Kisiwa hiki kidogo cha kaskazini mwa Cabo Delgado, kati ya Rasi ya Delgado na Vamizi, kinategemea bahari na matumaini ya watalii. Bara ya ng'ambo yake ni nchi ya mbung'o, na farasi aking'atwa na mbung'o hachukui muda kudhoofu na kufa kwa ugonjwa wa nagana. David Livingstone alilijaribu jambo hili kwa makusudi pembezoni mwa pwani hii hii. Mwaka 1866 alitoka Unguja akiwa na ngamia, nyati wa India, nyumbu na punda, akitaka kuingilia mlango wa mto Ruvuma. Njia ikamshinda, akateremkia Mikindani. Nia yake mojawapo ilikuwa kupima ni mnyama yupi atakayemstahimili mbung'o. Wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, ingawa lawama nyingine aliwatupia askari wake kwa kuwapiga na kuwatwisha mizigo kupita kiasi.

Kwa nini basi tuzungumzie uandikishaji wa farasi chotara tukiwa tumekaa mahali pasipo na farasi? Kwa sababu farasi wameshaingia pwani ya Msumbiji, kwa upande wa kusini, na wakatumika kibiashara. Baada ya mashamba ya Zimbabwe kutwaliwa miaka ya 2000, Pat na Mandy Retzlaff walivuka mpaka na farasi wao pamoja na wale walioachiwa na majirani, wakapita Manica, hatimaye wakafika Vilankulo na kuanza kuwapandisha watalii ufukweni. Mandy aliisimulia safari hiyo katika kitabu alichokiita One Hundred and Four Horses, kilichotoka 2013. Amani ikitulia Cabo Delgado, baada ya vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwaka 2017 na shambulio la Palma la 2021, hoteli za visiwani zitatafuta la kumwonyesha mgeni zaidi ya kupiga mbizi, na farasi wa ufukweni ni wazo lisilokosa mtu wa kulileta mezani. Farasi huyo karibu hakika atakuwa chotara.

Chotara anafanya kazi kama farasi mwingine. Tatizo huanza siku ya kumuuza. Mwaka 1840 jahazi Sultana la Sultani Sayyid Said liliingia New York likitokea Maskati na Unguja, nahodha wake Ahmad bin Na'aman, likiwa na zawadi kwa Rais Martin Van Buren wa Marekani, zikiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu rais kuzipokea zawadi za mfalme kama mali yake, farasi wakapigwa mnada na fedha zikaingia hazina ya serikali. Jina la Sultani lilitosha kuwa hati yao. Farasi wa leo asiye na sultani wa kumdhamini anahitaji daftari.

Madaftari ya nasaba yako ya aina mbili, na fedha yote ya biashara hii hufuata tofauti hiyo. Daftari lililofungwa humpokea tu mtoto ambaye baba na mama wote wameandikwa humo. Mfano wake mkuu ni daftari la farasi wa mbio, lililoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791. Farasi wanaokimbia Ngong, Nairobi, uwanja uliofunguliwa 1954, wako chini ya utaratibu huo, na Jockey Club of Kenya ndiyo yenye mamlaka ya mbio nchini humo. Hata humo mna upenyo wa chotara, lakini ni mwembamba: katika madaftari ya pembeni yanayotambuliwa kimataifa, ukoo usio safi unaweza kupandishwa baada ya vizazi vinane mfululizo vya kupandwa na farasi wa mbio halisi. Zaidi ya hapo watoto wake wawe wameonyesha uwanjani kwamba wanaweza kukimbia.

Msomaji asidhani ukali huo umetokana na usafi wa damu peke yake. Mwaka 1913 Waingereza walikaza kanuni zao kiasi kwamba farasi wengi wa Marekani, waliokuwa wakishinda mbio kubwa, waligeuka nusu-damu kwenye karatasi. Kanuni hiyo ililegezwa 1949, baada ya hao nusu-damu na watoto wao kuendelea kutwaa vikombe. Ilikuwa kinga ya soko la wafugaji wa nyumbani, ikavishwa joho la nasaba.

Daftari lililo wazi huenda kwa mantiki nyingine. Marekani kuna daftari la nusu-Mwarabu: mzazi mmoja akiwa Mwarabu aliyeandikishwa, mtoto anapata cheti chake na mashindano yake. Ujerumani, farasi wa Hanover na wenzake wa kuruka viunzi wamejengwa kwa kuchanganya damu, na dume hukaguliwa kwanza kabla ya kuruhusiwa kupanda. Jirani wa Msumbiji, Afrika Kusini, ana mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1951 idara ya kilimo ilianza kuchanganya farasi wa Basotho na Waarabu katika kituo cha Nooitgedacht, karibu na Ermelo, ikachuja vizazi, na kutoka kwenye machotara hao ikapatikana mbari yenye jina, chama na daftari lake.

Afrika Mashariki tunaijua njia hii vizuri, ila tumeitumia zaidi kwa ng'ombe na mbuzi. Kenya Stud Book ilianza 1920, na ngazi zake za kumpandisha daraja ng'ombe wa maziwa ni nne. Mfugaji huanza na jike wa kienyeji, humpandisha kwa dume aliyeandikishwa au kwa mbegu ya mrija, na ndama hupata nusu ya damu. Kizazi kinachofuata ni robo tatu, kisha sehemu saba kwa nane, kisha kumi na tano kwa kumi na sita, na hapo mnyama anahesabiwa kuwa wa nasaba kamili. Meru, mradi wa FARM-Africa ulioanza 1996 uliwapandisha mbuzi wa kienyeji kwa Toggenburg kutoka Uingereza, na chama cha wafugaji kikachukua kazi ya kuweka kumbukumbu. Mbuzi mwenye cheti akauzwa nje ya wilaya kwa bei asiyoipata mwenzake asiye nacho, hata kama wanakamuliwa sawa. Kinyume chake ni ng'ombe wa Mpwapwa, chotara aliyetengenezwa Dodoma kwa ustadi kutokana na damu za Kihindi, za Kiafrika na kidogo za Ulaya. Anajulikana vitabuni, lakini idadi yake imepungua mno. Kwa maoni yangu kilichomponza ni kukosa wafugaji binafsi wengi wenye faida ya moja kwa moja katika kumtunzia daftari.

Kwa farasi, hesabu ya ngazi nne ni nzito. Mimba yake ni miezi kumi na moja, na jike hazai kwa utulivu kabla ya miaka minne hivi. Vizazi vinne vya ng'ombe huchukua kama miaka kumi na miwili. Vya farasi vitakaribia ishirini. Hakuna benki ya Pemba ya Msumbiji wala ya Mtwara itakayokopesha kwa kungoja muda huo. Faida ya haraka ya uandikishaji iko kwenye utambulisho wa mnyama mwenyewe.

Angalia fomu yenyewe ya utambulisho. Katikati pana michoro ya farasi mtupu: ubavu wa kulia, wa kushoto, uso, shingo, miguu kwa nyuma. Daktari wa mifugo humzunguka mnyama na kalamu mbili. Mabaka meupe anayachora kwa wino mwekundu. Kila mahali nywele zinapojizungusha, kwenye paji, shingoni au ubavuni, anatia alama ya msalaba kwa wino mweusi, kwa kuwa mizunguko hiyo ni ya kila farasi na haifutiki. Kisha chipu huchomwa shingoni, chini ya singa, yenye tarakimu 15. Nywele chache zenye mizizi hung'olewa kwa ajili ya vinasaba. Chotara anaweza kupita hatua zote hizi bila kuulizwa babu yake ni nani.

Karatasi hiyo ndiyo msingi wa kuvuka mpaka, kwa sababu kinachoogopwa zaidi ni maradhi, na cheti cha afya lazima kimtaje mnyama anayetambulika. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, uliua farasi, nyumbu na punda zaidi ya 300,000 Mashariki ya Kati na nchi jirani katika mlipuko wa 1959 hadi 1961. Mwaka 2011 Ulaya ilisimamisha kupokea farasi moja kwa moja kutoka Afrika Kusini, na kufuli hilo likadumu zaidi ya miaka kumi. Walioumia ni wenye farasi wa bei ghali kabisa, wenye nasaba za vizazi ishirini. Cheti cha ukoo hakikuwasaidia kitu pale cheti cha afya kilipokataliwa.

Anayeota kuleta farasi Rongui basi aanze na mambo hayo. Mchanga wa kisiwa na umbali wake na msitu vinaweza kumpunguzia mbung'o, lakini visubi havimwachi, na chanjo, chipu na pasipoti ni gharama za kuingiza kwenye bajeti kabla ya matandiko. Wenye machotara Vilankulo, Nairobi au Arusha wana nafasi ya kufanya kama wa Meru: chama kimoja, fomu moja, madume machache yaliyokaguliwa, na ada ambayo mwenye farasi mmoja anaimudu. Na kama una jike mwenye mimba zizini leo, andika jina la dume, tarehe ya kupandwa na namba ya chipu, umpe daktari wa mifugo atie sahihi kabla mtoto hajazaliwa.