Moto wa Bradbury na Mkasi wa Wachapishaji Wake

Mwaka 1953 kampuni ya Ballantine ya New York ilichapisha Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury kuhusu nchi ambayo zimamoto hawazimi moto tena bali huwasha, na kazi yao ni kuchoma vitabu. Mwaka 1967 kampuni hiyohiyo ikatayarisha toleo maalumu la shule. Vifungu vipatavyo 75 vilibadilishwa. Maneno ya laana yakatolewa, neno la kutoa mimba likafutwa, na mlevi wa tukio moja akageuzwa mgonjwa. Kwa muda matoleo yote mawili yaliuzwa pamoja, lakini kufikia mwaka 1973 lililobaki sokoni lilikuwa lile lililokatwa tu. Hali ikaendelea hivyo hadi 1979, mwandishi mwenyewe hana habari. Bradbury ameeleza kwamba wanafunzi ndio waliomwandikia barua kumjulisha. Alidai maneno yake yarudishwe yote, na mwaka uliofuata yakarudishwa.

Riwaya inayolaani uchomaji wa vitabu ilidhibitiwa bila kiberiti, na kwa miaka kadhaa maelfu ya vijana wa Marekani walidhani wameisoma. Kisa hiki kinanisaidia kueleza jambo ambalo wengi wetu hulikosea tunapozungumzia riwaya za distopia, yaani zile zinazochora jamii ya kutisha ambamo dola imeingia hadi ndani ya vichwa vya watu. Tunadhani udhibiti unaoelezwa humo ni wa kuficha siri. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba watawala wale wanahangaika na kitu kingine kabisa: wanataka raia asiwe na chochote cha kulinganisha na leo yake. Na mhusika anapoamka, karibu kila mara huamka kwa sababu amepata, au amekumbuka, kitu cha kulinganisha.

Tumtazame Guy Montag, zimamoto wa Bradbury. Hakuamshwa na kitabu. Aliamshwa na Clarisse, binti wa jirani wa miaka kumi na sita, aliyemuuliza kama ni kweli kwamba hapo zamani zimamoto walikuwa wakizima moto. Montag alicheka. Kisha binti akamuuliza kama ana furaha, akaingia zake ndani. Usiku uleule Montag anamkuta mkewe, Mildred, amemeza vidonge kupita kiasi. Wanaokuja kumwokoa si madaktari. Ni mafundi wawili wenye mashine ya kusafisha tumbo na damu, wanaosema kazi kama hizo huzipata tisa au kumi kwa usiku mmoja. Asubuhi Mildred hakumbuki kitu. Anachokitaka ni ukuta wa nne wa televisheni, maana sebuleni mwao tayari wanazo tatu.

Hapa Bradbury ni mkali kuliko anavyosifiwa. Kapteni Beatty, mkuu wa Montag, anaeleza kwamba serikali haikuanza kwa kupiga marufuku. Watu wenyewe walitaka vitabu vifupishwe, kisha vifupishwe tena, kisha visimuudhi mtu yeyote, mpaka havikuwa na maana ya kusomwa. Moto ulikuja mwishoni kumalizia kazi. Beatty anayasema haya akiwa amesoma kuliko wote kituoni, na hadithi inazidi kutisha kwa sababu hiyo: mchomaji mkuu anavijua vitabu kwa kichwa. O'Brien wa George Orwell, katika Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949, ni vivyo hivyo. Anamwambia Winston Smith kwamba hata kile kitabu cha siri cha wapinzani, kilichompa Winston matumaini, yeye O'Brien alishiriki kukiandika.

Winston anafanya kazi katika Wizara ya Ukweli, akirekebisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na kauli za leo. Karatasi ya zamani hutupwa katika tundu la ukutani, ikaungua. Siku moja anamtunga mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, Ogilvy, shujaa wa vita, kwa sababu gazeti lilikuwa limemsifu mtu ambaye sasa ameangukiwa na ghadhabu ya chama. Baada ya saa moja hivi Ogilvy ana historia yenye ushahidi sawa na ya mfalme yeyote. Orwell aliijua kazi ya maneno ya serikali kwa karibu, kwani kati ya 1941 na 1943 alitumikia BBC, akitayarisha matangazo ya wakati wa vita kwa wasikilizaji wa India.

Basi Winston anafanya nini anapoanza kuamka? Anatafuta mizani. Anaingia kilabuni, anamnunulia mzee mmoja bia na kumuuliza kama maisha kabla ya Mapinduzi yalikuwa bora au mabaya kuliko sasa. Mzee anakumbuka kofia ya tajiri mmoja na vipimo vya bia. Hawezi kujibu. Kwa maoni yangu ukurasa huo unaumiza kuliko zile za mateso ya gerezani. Shahidi yupo hai, anazungumza, ana nia njema, na bado ushahidi umepotea.

Wasomaji wa Kiswahili wanalijua tukio linalofanana na hili tangu mwaka 1967, Fortunatus Kawegere alipotafsiri riwaya nyingine ya Orwell kwa jina la Shamba la Wanyama. Amri zimeandikwa ukutani. Farasi jike anakumbuka kwamba mojawapo ilikataza vitanda, lakini hajui kusoma vizuri, kwa hiyo anamwita mbuzi amsomee. Amri sasa inakataza kulala kitandani penye shuka. Farasi hakumbuki habari ya shuka, ila kwa kuwa ukuta umesema, basi kosa litakuwa la kumbukumbu yake. Baadaye nguruwe anakutwa usiku ameanguka, ngazi imevunjika, kopo la rangi limemwagika pembeni. Punda mzee anaelewa kila kitu, na ananyamaza. Mwamko wa yule farasi ulifika mlangoni ukarudi, kwa kukosa nakala ya kwanza.

Kabla ya wote hao kulikuwa na Mrusi Yevgeny Zamyatin, aliyeandika riwaya ya Sisi mwaka 1920 na 1921. Mhusika wake, D-503, ni mhandisi anayeanza kuandika kumbukumbu zake ili kuisifu dola. Lakini mtu anayeandika kila siku anaweza kurudi kurasa za nyuma. D-503 anajiona akibadilika, aya kwa aya, mpaka dola inamfanyia upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo. Riwaya hiyo ilitoka New York kwa Kiingereza mwaka 1924. Nyumbani kwake ilichapishwa 1988, miaka zaidi ya hamsini baada ya mwandishi kufa Paris.

Marufuku ya wazi, ingawa ni dhuluma, huacha alama. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda shuleni Tanzania, na watu walijua kwamba imezuiwa. Walijua kuna kitu cha kutafutwa, na baadaye riwaya hiyo ikaja kusomeshwa madarasani. Ukikatwa ukurasa kimyakimya, hakuna anayejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Kwa hiyo naona mkasi wa 1967 ni hatari kuliko mafuta ya taa ya Kapteni Beatty, hasa leo ambapo kitabu cha kwenye simu kinaweza kubadilishwa na aliyekiuza bila mwenye simu kukigusa.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa fasihi wanaofundisha Shamba la Wanyama au riwaya nyingine yoyote wawatake wanafunzi wafungue ukurasa wa haki za mchapishaji kwanza, waone ni toleo la mwaka gani, na wakipata toleo la zamani zaidi wayaweke mawili hayo bega kwa bega. Na wewe mwenye vitabu na magazeti ya zamani yanayooza stoo, usiwauzie wafunga maandazi. Wapigie simu maktaba ya mkoa au chuo kilicho karibu nawe, uwaulize kama wanayo nakala. Kama hawana, wapelekee yako.